Bunge Likisema "Tuko Nanyi": Azimio la Kuunga Mkono Nchi Rafiki Vitani Lina Nguvu Gani?

Oktoba 25, 2023, saa chache baada ya Mike Johnson kuchaguliwa Spika, Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha azimio la kusimama na Israeli katika vita vyake na Hamas. Waliounga mkono walikuwa 412, waliopinga 10. Habari ya namna hiyo inapofika Nairobi, kwenye makundi ya WhatsApp na vijiwe vya magazeti, mara nyingi huwa imeshageuka njiani: Bunge la Marekani "limeidhinisha vita", au "limetoa silaha", au "limemwagiza Rais" afanye hivi na vile.

Azimio lile halikufanya hata moja kati ya hayo. Halikutoa senti wala risasi, na halikumfunga Rais kwa lolote. Fedha zilikuja miezi sita baadaye kwa njia nyingine kabisa. Aprili 20, 2024 baraza hilohilo lilipitisha mswada wa msaada kwa Israeli kwa kura 366 dhidi ya 58, na wa Ukraine kwa kura 311 dhidi ya 112. Seneti ikakubali, na Rais Biden akatia saini Aprili 24. Kifurushi kizima, kikiwemo cha Taiwan na washirika wa Asia, kilikuwa cha takriban dola bilioni 95.

Hebu ziweke kura hizo kando kwa kando. Machi 2, 2022, azimio la kuwaunga mkono wananchi wa Ukraine lilipita kwa kura 426, na waliopinga walikuwa watatu tu. Miaka miwili baadaye, swali lilipokuwa la fedha, waliopinga walifika 112. Ni kweli uchaguzi ulikuwa umepita katikati na baadhi ya viti vilikuwa na watu wapya. Hata hivyo pengo hilo linaonyesha jambo ambalo kila msomaji wa habari za kimataifa anapaswa kuwa nalo mkononi: kuunga mkono kwa maneno hakumgharimu mbunge chochote, na kwa sababu hiyo kura za maneno hujaa upande mmoja. Ukitaka kujua nchi fulani iko tayari kumsaidia rafiki yake kwa kiasi gani, tafuta kura ya bajeti.

Herufi zinazotangulia namba

Marekani imerahisisha kazi ya kutambua azimio lenye nguvu na lisilo nayo, maana jibu limo kwenye jina lenyewe. Azimio linaloanza na H.Res. ni la Baraza la Wawakilishi peke yake, S.Res. ni la Seneti peke yake. Haya ni maoni ya chumba kimoja. Hayaendi kwa Rais na si sheria. Lile la Oktoba 2023 lilikuwa H.Res. 771. Linaloanza na H.Con.Res. au S.Con.Res. hupitishwa na vyumba vyote viwili kwa maneno yaleyale, lakini nalo haliendi kwa Rais, na kwa hiyo si sheria pia. Mwaka 1983 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua katika kesi ya Chadha kwamba Bunge haliwezi kutengua hatua za serikali bila kupitia vyumba vyote viwili na kumpelekea Rais hati atie saini au aikatae.

Kundi la tatu ndilo la kuogopwa: H.J.Res. na S.J.Res. Hili ni azimio la pamoja linalokwenda kwa Rais kutiwa saini, na likitiwa saini ni sheria kamili sawa na mswada wowote. Msomaji anayekosea hapa hukosea vibaya, kwa sababu neno "azimio" limo kwenye majina ya makundi yote matatu.

Azimio la Ghuba ya Tonkin lilikuwa la kundi hili la tatu. Agosti 7, 1964 lilipita kwa kura 416 bila mpinzani katika Baraza la Wawakilishi, na 88 dhidi ya 2 katika Seneti. Lilizungumza lugha ya kusaidia marafiki: kuzisaidia nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia zilizoomba msaada kulinda uhuru wao. Ndani yake lakini lilimpa Rais Lyndon Johnson ruhusa ya kuchukua hatua zote zilizohitajika, pamoja na kutumia jeshi. Vita vya Vietnam vilipanuliwa juu ya karatasi hiyo, na haikufutwa hadi Januari 1971. Msingi wake ulikuwa dai kwamba meli za Marekani zilishambuliwa mara mbili. Shambulio la pili, la Agosti 4, halikutokea. Watu wengi walikufa kwa sababu utangulizi wa azimio moja ulibeba jambo ambalo hakuna aliyelihakiki.

Mfano wa pili unatugusa zaidi huku kwetu. Septemba 14, 2001, siku tatu baada ya mashambulizi ya New York na Washington, Bunge la Marekani lilipitisha idhini ya kutumia nguvu za kijeshi kwa kura 98 bila mpinzani katika Seneti, na 420 dhidi ya moja katika Baraza. Aliyepinga alikuwa Barbara Lee wa California. Idhini hiyo haikuweka mwisho wa muda wala mpaka wa nchi, na haikutaja kundi lolote kwa jina. Mwaka 2016 serikali ya Obama iliitafsiri kuwa inalihusu kundi la al-Shabaab pia, kundi ambalo halikuwapo wakati kura ile inapigwa. Hivyo karatasi iliyoandikwa kwa ajili ya waliohusika na mashambulizi yale ya Septemba 2001 ikawa uhalali wa ndege kushambulia ng'ambo ya mpaka wetu na Somalia.

Uingereza na nguvu ya aibu

Mtu anaweza kuhitimisha kwamba azimio lisilo sheria ni bure. Sivyo. Agosti 29, 2013 Waziri Mkuu David Cameron alilipelekea Bunge la Uingereza hoja ya kuunga mkono hatua za kijeshi dhidi ya serikali ya Syria baada ya silaha za kemikali kutumiwa. Alishindwa kwa kura 285 dhidi ya 272. Kisheria hakufungwa na matokeo hayo, kwa kuwa mamlaka ya kutuma majeshi nchini Uingereza ni ya serikali. Lakini alisimama usiku uleule akasema amesikia, na Uingereza haikuchukua hatua hiyo. Serikali inayoomba ruhusa hadharani haiwezi kuikanyaga jibu lake hadharani bila kulipia kisiasa.

Oktoba 13, 2014 mambo yalikwenda kinyume. Bunge hilohilo lilipiga kura 274 dhidi ya 12 kutaka serikali iitambue Palestina kama dola. Mawaziri walijizuia kupiga kura, serikali ikasema msimamo wake haujabadilika, na Uingereza haikuitambua Palestina mpaka Septemba 2025. Bunge lilikuwa lilelile na uzito wa kisheria ulikuwa uleule, yaani sifuri. Kilichotofautiana ni nani aliyeileta hoja. Hoja ya Syria ililetwa na serikali yenyewe. Ya Palestina ililetwa na mbunge wa viti vya nyuma, yaani asiye waziri. Kwa hiyo ukisoma kwamba bunge fulani limeazimia jambo, uliza kwanza nani aliyeisimamisha hoja na kama waziri alikuwepo kujibu.

Nyumbani: idhini ni kitu kimoja, maoni ni kingine

Katiba ya Kenya ya 2010 haina ibara inayotaja azimio la kuunga mkono nchi ya kigeni. Inazo ibara zinazodai idhini ya Bunge kabla serikali haijachukua hatua fulani, na tofauti kati ya vitu hivi viwili ndiyo inayowaponyoka wengi, wakiwemo baadhi ya wabunge wenyewe.

Idhini inahitajika wapi? Rais anaweza kutangaza vita, lakini kwa idhini ya Bunge, kwa mujibu wa Ibara ya 132(4)(e). Baraza la Usalama wa Taifa linaweza kuyapeleka majeshi nje ya nchi kwa shughuli za kulinda amani au shughuli nyingine za msaada, na pia kuruhusu majeshi ya kigeni kuingia nchini, lakini kwa idhini ya Bunge, chini ya Ibara ya 240(8). Mkataba wa ulinzi na nchi nyingine hupitia Sheria ya Kutunga na Kuridhia Mikataba ya 2012, ambapo Bunge la Taifa huupokea pamoja na maelezo ya waziri, na wananchi hupewa nafasi ya kutoa maoni. Fedha zina mlango wake: Ibara ya 114 inasema kwamba hoja inayogusa masuala ya fedha, kwa maoni ya Spika, haiendelei isipokuwa kwa pendekezo la kamati husika baada ya kuzingatia maoni ya waziri wa fedha.

Nje ya milango hiyo, chochote Bunge letu litakachoazimia kuhusu vita vya watu wengine ni maoni. Yana heshima yake, yanaingia kwenye Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, mabalozi wanayasoma. Lakini sauti ya Kenya mbele ya mataifa hutolewa na serikali. Machi 2, 2022 Kenya ilipokuwa miongoni mwa nchi 141 zilizopiga kura katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kuitaka Urusi iondoke Ukraine, kura ile ilikuwa ya serikali, haikutoka Barabara ya Bunge, wanakoketi wabunge wetu.

Mfano bora wa maoni yaliyodhaniwa kuwa amri ni hoja za kuiondoa Kenya katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Bunge lilipitisha hoja ya kwanza Desemba 2010, na Bunge la Taifa likapitisha nyingine Septemba 5, 2013. Ukiwauliza watu mitaani, utakutana na wanaoamini Kenya ilijitoa. Kenya ni mwanachama hadi leo. Ibara ya 127 ya Mkataba wa Roma, ulioiunda mahakama hiyo, inadai serikali impelekee Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa taarifa ya maandishi, na kujitoa huanza kufanya kazi mwaka mmoja baada ya taarifa hiyo kupokewa. Taarifa haikupelekwa. Hoja mbili, siku nyingi za mjadala mkali, na hali ya kisheria ikabaki palepale.

Haiti: idhini ilitolewa, na haikutosha

Kesi inayofundisha kuliko zote ni ya Haiti, na inafaa kuifuata hatua kwa hatua.

Haiti iliomba msaada wa kimataifa dhidi ya magenge Oktoba 2022. Mwishoni mwa Julai 2023 Kenya ikajitolea kuongoza kikosi, ikiahidi polisi 1,000. Oktoba 2, 2023 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likaidhinisha kikosi hicho kwa Azimio namba 2699. Novemba 16, 2023 Bunge la Taifa likapitisha hoja ya kuwapeleka polisi, baada ya kamati za usalama kusikiliza mawaziri na kuandika ripoti. Kwa mtazamaji wa kawaida kila kitu kilikuwa kimekamilika: rafiki ameomba, dunia imekubali, Bunge limeidhinisha.

Januari 26, 2024 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na Ekuru Aukot na wenzake, alisimamisha yote. Sababu yake ilikuwa rahisi kusema na ngumu kuikwepa. Ibara ya 240(8) inazungumzia majeshi, na polisi si jeshi. Baraza la Usalama wa Taifa halina mamlaka ya kuwapeleka polisi nje, kwa hiyo Bunge liliidhinisha kitu ambacho aliyekiomba hakuwa na haki ya kukiomba. Polisi wana sheria yao, Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi, na vifungu vyake vya 107 na 108 vinaruhusu waende tu katika nchi ambayo ina mpango wa maelewano na Kenya, yaani nchi ambayo sheria zake nazo zinakubali kupokea na kutoa polisi kwa namna hiyohiyo.

Mnamo Machi 1, 2024 serikali ilitia saini makubaliano ya aina hiyo na Waziri Mkuu wa Haiti, Ariel Henry, hapa Nairobi. Kundi la kwanza la takriban polisi 400 lilitua Port-au-Prince Juni 25, 2024.

Somo hapa linazidi Haiti. Idhini ya Bunge ni kama sahihi kwenye hundi: ina maana tu ikiwa akaunti ipo. Kabla ya kuuliza kama wabunge wamekubali, uliza ni ibara gani inayowapa wabunge hao jambo la kukubali, na kama anayepelekwa ndiye anayetajwa na ibara hiyo.

Kuna kasoro nyingine ambayo haikufika mahakamani ila inastahili kusemwa. Novemba 2, 2022 Rais Ruto aliwakabidhi bendera wanajeshi waliokuwa wakienda mashariki mwa Kongo chini ya kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Bunge la Taifa liliidhinisha safari hiyo wiki iliyofuata, ndipo wanajeshi wakatua Goma. Ibara ya 240(8) inasema Baraza la Usalama wa Taifa linaweza kupeleka majeshi "kwa idhini ya Bunge". Mbunge anayepewa ripoti ya kamati wakati askari wameshapewa bendera mbele ya kamera hana nafasi ya kweli ya kusema la. Kisheria inaweza kutetewa, kwa sababu askari hawakuvuka mpaka kabla ya kura. Kwa moyo wa Katiba haifai, na ni tabia ambayo kamati ya ulinzi inapaswa kuikataa kwa maandishi.

Hoja inavyotembea Barabara ya Bunge

Tuseme mbunge anataka Bunge la Taifa liunge mkono nchi rafiki iliyovamiwa. Huandika hoja, huitia saini na kumpelekea Karani wa Bunge. Spika huiangalia; anaweza kuikataa ikiwa inavunja Katiba au Kanuni za Kudumu, yaani kanuni za kuendesha shughuli za Bunge, au kutaka irekebishwe. Ikikubaliwa, mbunge hutoa taarifa yake kikaoni. Kisha inangoja nafasi kutoka kwa Kamati ya Shughuli za Bunge, na hapa ndipo nyingi hufia. Hoja za mbunge mmojammoja zina kikao chao cha Jumatano asubuhi, na foleni ni ndefu. Vita haviisubiri foleni hiyo. Ndiyo maana mbunge mwenye haraka hutumia njia nyingine: kuomba shughuli ziahirishwe ili jambo la dharura la kitaifa lijadiliwe. Njia hii inapata mjadala siku hiyohiyo, lakini haizai azimio la maana. Watu wanazungumza, muda unaisha, kikao kinafungwa. Magazeti yakiandika kwamba "Bunge limelaani", mara nyingi kilichotokea ni hiki tu.

Hoja ikipata siku, mwenye nayo huiwasilisha, mwingine huiafiki, na asipopatikana wa kuiafiki imekufa. Spika huiweka mbele ya Bunge, inajadiliwa, inaweza kufanyiwa marekebisho, mwenye hoja anajibu, kura inapigwa. Akidi, yaani idadi ya chini ya kuendesha kikao, ni wabunge 50 kati ya 349. Ibara ya 122 inasema uamuzi ni wa wengi waliopo na kupiga kura, Spika hapigi kura, na kura zikilingana hoja imeanguka. Hesabu yake ni hii: sauti ya "Bunge la Kenya" kuhusu vita vya nchi nyingine inaweza kuwa ya watu 26. Na kura ikipigwa kwa kelele za ndiyo na la, Hansard haitaonyesha nani alisema nini. Majina huandikwa pale tu wabunge wa kutosha wanaposimama kudai kura ya kuhesabiwa.

Kanuni moja hunasa wengi kwenye mijadala ya aina hii. Kanuni za Kudumu zinakataza kumtaja kwa ubaya kiongozi wa nchi rafiki au mwakilishi wake aliyeko Kenya, isipokuwa kwa hoja mahsusi iliyotolewa taarifa ya siku tatu au zaidi. Mbunge anayesimama kuunga mkono upande mmoja, akaanza kumshambulia rais wa upande wa pili ambaye nchi yake ina ubalozi hapa Nairobi, atanyamazishwa kwa hoja ya nidhamu, na ni haki anyamazishwe.

Baada ya kupita, azimio hupelekwa kwa wizara husika. Kanuni zinamtaka waziri aripoti kwa kamati ndani ya siku 60 amelifanyia nini, na kuna Kamati ya Utekelezaji ambayo kazi yake ni kufuatilia. Lakini waziri anaripoti nini, ikiwa azimio lenyewe halikumwomba chochote? Hapo tunafika kwenye maandishi.

Maneno yanayobeba mzigo

Azimio lina sehemu mbili. Ya kwanza ni utangulizi: ikitambuliwa kuwa, ikizingatiwa kuwa, na kwa kuwa. Ya pili ni uamuzi: Bunge hili linaazimia, linalaani, linaihimiza Serikali. Tazama hoja hii ya mfano:

"KWAMBA, ikitambuliwa kuwa nchi rafiki ilivamiwa na majeshi ya kigeni, ikizingatiwa kuwa serikali yake imeuomba Umoja wa Afrika msaada, na kwa kuwa Wakenya wanaishi na kufanya kazi nchini humo, Bunge hili linalaani uvamizi huo, linathibitisha mshikamano wake na wananchi wa nchi hiyo, na linaihimiza Serikali iwarejeshe nyumbani Wakenya wanaotaka kuondoka na kuripoti Bungeni ndani ya siku 30."

Vitenzi "linalaani" na "linathibitisha" vimekamilika pindi kura inapomalizika. Hakuna mtu anayetakiwa kuamka kesho akafanye kazi. "Linaihimiza" kinampa waziri kazi, ingawa hakimfungi. Chenye meno hapa ni "kuripoti ndani ya siku 30", kwa kuwa kina mtu, kina tendo na kina tarehe. Kama ningeruhusiwa kubakisha maneno machache tu ya hoja nzima, ningebakisha hayo. Kitenzi cha hatari ni "linaidhinisha". Mwandishi asiyekuwa makini hukitumia kwa maana ya kukubaliana na jambo, kumbe Serikali inaweza kukishika kesho na kusema ilipewa ruhusa.

Angalia pia mshikamano ni na nani. Wananchi, dola na serikali ni vitu vitatu. Azimio la Marekani la Machi 2022 liliandikwa kuwaunga mkono wananchi wa Ukraine, na chaguo hilo ni la busara popote: serikali inaweza kupinduliwa wiki ijayo, na azimio linaloitaja serikali kwa jina litabaki limemkumbatia mtu aliyekimbia, au likatumiwa na aliyempindua.

Kutaja ombi la msaada si pambo. Mwaka 1986 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika kesi ya Nicaragua dhidi ya Marekani, ilisema kwamba nchi haiwezi kudai inamtetea mwenzake kwa pamoja isipokuwa aliyeshambuliwa mwenyewe atangaze kuwa ameshambuliwa na aombe kusaidiwa. Azimio linaloruka ombi hilo linawapa wapinzani hoja ya bure.

Na idadi ya waliouawa? Isiwekwe kwenye utangulizi siku za mwanzo. Takwimu za vita hubadilika kila saa na kila upande una zake. Azimio halirekebishwi kama tovuti. Kanuni za Kudumu zinazuia hata hoja yenye maana ileile kurudi ndani ya miezi sita katika kikao hichohicho cha mwaka. Kosa likishapigiwa kura, limekaa. Tonkin inatosha kutukumbusha.

Nairobi ina jambo lake

Mji huu ni meza ya mazungumzo. Mchakato wa Nairobi, yaani mazungumzo ya amani kuhusu mashariki mwa Kongo, ulianzia hapa Aprili 2022. Makamanda wa Ethiopia na wa jimbo lake la Tigray walitia saini tamko lao la utekelezaji hapa Novemba 2022, siku chache baada ya makubaliano ya Pretoria ya kusitisha vita vyao. Mpatanishi hahitaji kutokuwa na maoni, lakini pande zote mbili lazima ziweze kuingia chumbani bila kuhisi wametegwa.

Februari 2025 RSF, kundi la wapiganaji linalopigana na jeshi la Sudan, na washirika wake walikutana katika ukumbi wa mikutano wa KICC na kutia saini mkataba wa kuunda serikali yao. Bunge letu halikuwa limeazimia chochote. Ukumbi tu ndio ulitumika. Serikali ya Sudan ilimwita balozi wake nyumbani, na Machi ikapiga marufuku bidhaa za Kenya, chai ikiwemo. Aliyeumia ni mkulima ambaye hakuulizwa. Ikiwa ukumbi peke yake ulifika hapo, Bunge la nchi mpatanishi linapotaka kutangaza upande wake katika vita vya jirani linapaswa kwanza kuwasikiliza Wizara ya Mambo ya Nje katika kamati, kwa faragha ikibidi, na kuuliza ni mazungumzo gani yanaendelea. Ninaamini kwa dhati kwamba azimio la kulinda raia, kufungua njia za misaada na kuwarudisha Wakenya nyumbani lina faida kuliko la kutangaza nani yuko sahihi, angalau kwa vita vilivyo ndani ya eneo hili. Kwa vita vya mbali, ambako hatuketi mezani, uhuru wa kusema ni mpana zaidi.

Mwananchi anayetaka Bunge liseme, au linyamaze, hahitaji kumsubiri mbunge wake. Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge lishughulikie jambo lililo ndani ya mamlaka yake. Ombi linaandikwa kwa mkono au kuchapwa, kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa lugha ya heshima, bila kufutwafutwa. Lieleze kama umeshajaribu kuifikia ofisi husika na ilijibu nini, na kama jambo hilo liko mahakamani. Mwishoni litaje waziwazi unachotaka Bunge lifanye, kisha liwe na jina, anwani, namba ya kitambulisho na saini yako, na lipelekwe kwa Karani. Maombi mengi hukwama kwenye sehemu hiyo ya kuomba: mtu anaandika kurasa nne za uchungu wa haki kabisa kuhusu vita, halafu anamaliza bila kusema ni waziri gani afanye nini kufikia lini.